Maktaba ziwe wazi, lakini mhudumu asiondolewe

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika safu yako ya barua ili nami nitoe dukuduku langu juu ya huduma katika maktaba zetu za umma. Jambo hili limenikaa moyoni tangu mwaka jana, na nimeona si vyema niendelee kunyamaza.

Siku hizi yakizuka mazungumzo juu ya maktaba, hakosekani mtu wa kusema kwamba wakati wa kuhudumiwa umepita. Husemwa kwamba msomaji aingie mwenyewe, atafute kitabu mwenyewe kwenye kompyuta, akitoe rafuni mwenyewe, akiandikishe kwenye mashine, kisha aende zake bila kumsumbua mtu. Hoja hiyo hutolewa na watu wenye nia njema, na mara nyingine hutolewa na watu wanaotafuta mahali pa kupunguza mishahara. Mimi binafsi sipingi msomaji kujihudumia. Ninachokataa ni kumwambia mwananchi kwamba anajihudumia wakati ukweli ni kwamba ametelekezwa.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba msomaji kuchagua kitabu kwa mkono wake mwenyewe ni haki iliyopatikana kwa kupiganiwa. Zamani, katika maktaba za umma za Uingereza, msomaji hakuruhusiwa kuvifikia vitabu. Alisimama mbele ya kaunta akitazama ubao mkubwa uliojaa namba. Rangi moja ilionyesha kwamba kitabu kipo, na rangi nyingine ilionyesha kwamba kimeazimwa. Alitaja namba, karani akaenda ndani akamletea. Kama kitabu hakikuwa kile alichokitarajia, ilimbidi aanze upya. Mwaka 1894 mkutubi aitwaye James Duff Brown, wa Clerkenwell katika jiji la London, aliwafungulia wasomaji wake rafu. Wakutubi wenzake wengi walimshambulia wakidai kwamba vitabu vitaibwa na kuchanganywa. Yeye aliweka njia moja ya kuingilia na nyingine ya kutokea, watumishi wakakaa hapo wakiandikisha vitabu, na wasomaji wakaachwa wazunguke ndani wapendavyo. Leo maktaba nyingi za umma duniani zinafuata utaratibu huo.

Sisi pia tumepita katika njia yetu. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilikuwa ikipeleka vitabu kwa masanduku na kuwaazima wasomaji kwa njia ya posta. Baada ya uhuru ikatungwa sheria ya maktaba ya mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba, 1967, Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Sheria nyingine ya mwaka 1975 ndiyo iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Maktaba za mikoa zilipofunguliwa zilikuwa na rafu zilizo wazi. Mkulima mwenye viraka aliweza kusimama mbele ya rafu ile ile aliyosimama mkuu wa idara, na hakuna aliyemwuliza yeye ni nani. Hilo ni jambo la kujivunia na sitaki lirudi nyuma hata hatua moja.

Hata hivyo, Ndugu Mhariri, mlango ukifunguliwa si kila anayeingia anajua pa kwenda. Naomba nieleze yaliyonipata mimi mwenyewe.

Mwaka 1979 nilikuwa kijana niliyemaliza darasa la saba, na kijiji chetu kilikuwa kimenipa kazi ya kuangalia mradi wa kuku. Kuku wakaanza kufa. Leo watatu, kesho kumi. Nilitumwa mjini na fedha za kijiji kununua dawa, na dukani sikuipata. Wakati nikisubiri basi niliona nyumba iliyoandikwa "Maktaba" nikaingia. Sijapata kuona vitabu vingi kiasi kile. Nilizunguka kutoka rafu moja hadi nyingine kwa muda wa saa nzima. Vingi vilikuwa vya Kiingereza, na migongoni vilikuwa na namba nisizozielewa. Niliona haya kumwuliza mtu, kwa kuwa kila aliyekuwa mle alionekana anajua anachokifanya. Mwishowe nikaamua kutoka.

Mama mmoja aliyekuwa akipanga vitabu alinifuata hadi karibu na mlango. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona unatoka mikono mitupu?" Nikamjibu kwamba nilikuwa naangalia tu. Akasema, "Haya, ulikuwa unaangalia nini?" Ndipo nikamweleza habari za kuku. Hakuniambia nenda rafu fulani. Aliniuliza wanakufaje. Nikasema wengine wanapinda shingo, wengine wanaharisha kinyesi cha kijani, na wakianza hawachukui siku nyingi. Akaenda moja kwa moja akarudi na kitabu cha Kiingereza, akaketi nami, akawa anasoma na kunifasiria huku mimi nikiandika katika daftari langu. Nilijua siku ile kwamba huo ulikuwa ugonjwa wa kideri, kwamba hauna tiba, na kwamba kinachosaidia ni kuchanja kuku kabla haujaingia, kuwatenga walio wazima, na kuwafukia au kuwachoma waliokufa badala ya kuwatupa porini. Mwisho akaniambia, "Sasa nenda kwa Bwana Mifugo na daftari lako hilo, umweleze kama ulivyonieleza mimi."

Sitadanganya kwamba kuku wetu walipona. Wengi walikufa. Lakini fedha za kijiji sikuzitupa kwenye dawa ambayo isingesaidia kitu, na kuku tuliowaleta baadaye walichanjwa na Bwana Mifugo. Toka siku ile nimekuwa mtu wa maktaba. Kama yule mama angekuwa mashine, ningepanda basi nikarudi kijijini jinsi nilivyokuja, na huenda nisingekanyaga tena katika nyumba ya namna ile.

Wanaotetea kujihudumia kwa kila kitu hupenda kutoa mfano wa maduka. Husema kwamba zamani tulisimama kaunta tukamwomba mwenye duka chumvi na sabuni, na sasa tunaingia supamaketi na kujichukulia wenyewe. Mfano huo haufai. Anayekwenda kununua chumvi anajua kwamba anataka chumvi. Maktaba inafanana zaidi na duka la dawa. Mtu anafika pale akiwa na maumivu, wala hajui jina la dawa. Anasema tumbo linamsokota, na mwenye ujuzi anamwuliza tangu lini, amekula nini, anaharisha au haharishi. Mimi nilikwenda na kuku wanaokufa. Neno "kideri" sikuwa nalo, na bila neno hilo hata kompyuta bora kuliko zote isingenifikisha popote.

Tazama pia jinsi vitabu vinavyopangwa. Utaratibu wa namba unaotumika katika maktaba nyingi uliwekwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Maarifa yote yamegawanywa katika mafungu kumi, kuanzia 000 hadi 999. Kilimo kiko 630, mifugo 636, na kuku 636.5. Lakini mfugaji huyo huyo akitaka kujua namna ya kuweka hesabu za mayai aliyouza, ni lazima aondoke hapo aende 657. Sarufi ya Kiswahili iko 496.392, na fasihi ya Kiswahili iko 896.392, upande wa pili kabisa wa chumba. Ni utaratibu mzuri kwa aliyefundishwa. Kwa mtu ambaye hajafundishwa, rafu iliyo wazi bila mtu wa kumwongoza inaweza kumfungia maarifa sawasawa na kabati lenye kufuli.

Sasa nifike kwenye jambo la mwaka jana. Jirani yangu mmoja alifiwa na mumewe, na baada ya arobaini shemeji zake wakaanza kudai shamba. Walimwambia kwamba kwa mila mwanamke harithi ardhi ya ukoo, na kwamba ashukuru kama ataachiwa kipande cha kulima mboga. Yule mama alinijia kwa kuwa anajua napenda kusoma. Nikamwambia twende maktaba, tukaisome sheria wenyewe, ili siku ya kikao asimame akijua anachokisema.

Tulipanda gari tukaenda katika maktaba moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa nia yangu si kumharibia mtu kazi. Tulimkuta kijana mmoja mlangoni akipokea mifuko. Tulipomweleza shida yetu alijibu kwa adabu kabisa, "Mzee, hapa siku hizi ni kujihudumia. Vitabu vimepangwa kwa namba, tafuteni tu." Kompyuta ya kutafutia vitabu ilikuwapo lakini haikuwaka. Nikaenda mwenyewe kwenye 340, ambako najua sheria hukaa. Tulikuta vitabu vinene vya Kiingereza vya wanafunzi wa chuo. Tulikaa zaidi ya saa mbili. Yule mama hajui Kiingereza, nacho Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Tukarudi nyumbani bila kitu.

Wiki iliyofuata kikao kikafanyika, na yule mama akaweka dole gumba kwenye karatasi ya kukubali sehemu ndogo ya shamba alilolilima na mumewe kwa miaka mingi. Miezi miwili baadaye msaidizi wa kisheria alipita kijijini, akamweleza kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inatamka wazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, na kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke haki hiyo haina nguvu. Alikuwa na maelezo ya sheria hiyo kwa Kiswahili katika kijitabu chepesi. Mimi nikarudi kule maktaba peke yangu na kumwuliza mtumishi mwingine, mtu mzima, niliyemkuta siku hiyo. Akaniambia, "Mbona tunacho? Vijitabu na nyaraka za Serikali havikai rafuni, vipo chumba cha nyuma. Mngeuliza."

Ndugu Mhariri, tuliuliza! Tuliambiwa tujihudumie. Na kitu chenyewe tulichokihitaji kilikuwa mahali ambapo anayejihudumia hawezi kufika. Hadi naandika barua hii yule mama anahangaika kutaka suala lake lisikilizwe upya, na kila safari inampunguzia kidogo alichonacho. Kama mtu mwenye ujuzi angetupa dakika kumi tu siku ile, huenda dole gumba lile lisingewekwa.

Simlaumu yule kijana. Alikuwa peke yake, akipokea mifuko, akiandikisha wanaoingia, akirudisha vitabu, na jioni ndiye anayefagia. Ukimwekea mtu mmoja kazi za watu wanne, "jihudumie" litakuwa ndilo jibu lake kwa kila mtu, nawe hutakuwa na haki ya kumkasirikia.

Wapo watakaosema kwamba nchi zilizoendelea zimekwisha kuondoa watumishi katika maktaba. Si kweli kwa namna inavyosemwa. Nchini Denmark, kuanzia mwaka 2004, yalianza maktaba ambayo wananchi huingia kwa kadi na namba ya siri hata kama hakuna mtumishi. Huko Ireland walianza majaribio mwaka 2014 katika miji ya Tullamore, Banagher na Tubbercurry, wakifungua kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 4 usiku kila siku ya mwaka. Lakini saa hizo za bila mtumishi ni nyongeza. Zipo saa nyingine ambazo mtumishi yuko kazini, na mwenye swali anajua aje lini. Huo ni mpango mzuri, kwani mfanyakazi atokaye kazini jioni anapata nafasi ya kuazima kitabu.

Tatizo huja pale nyongeza inapogeuzwa kuwa badala. Katika wilaya ya Barnet, kaskazini mwa London, mpango wa kujihudumia ulipoanzishwa mwaka 2017 uliambatana na kupunguza karibu nusu ya kazi za watumishi wa maktaba. Saa za kufunguliwa zilihesabiwa kuwa nyingi, lakini saa za kukuta mtu wa kumwuliza zikawa chache. Na kuna jambo jingine ambalo sisi hatuna budi kulitazama kwa makini. Katika mipango hiyo watoto hawaruhusiwi kuingia peke yao wakati hakuna mtumishi. Huko Ireland anayeingia saa hizo ni mwanachama aliyefikisha miaka 18, na aliye chini ya hapo sharti aje na mtu mzima. Sasa ingia katika maktaba yoyote ya mkoa hapa kwetu saa za jioni utazame ni akina nani wamejaa mezani. Ni wanafunzi. Wamekuja kwa sababu nyumbani hakuna meza, hakuna kitabu, na pengine hakuna taa. Tukiiga mpango ule pamoja na masharti yake, watu wa kwanza kufungiwa nje watakuwa hao wanaoitumia maktaba zaidi kuliko sisi sote. Tukiuiga bila masharti yake, tutakuwa tumewaacha watoto peke yao ndani ya jengo hadi usiku. Hakuna mzazi mwenye akili timamu atakayeyakubali yote mawili.

Nakubali kwamba upande wa pili nao una hoja, na si vizuri kuzifunika. Kwanza, wapo watumishi wa maktaba wenye majibu ya mkato, wanaomtazama mtu mavazi kabla ya kumsikiliza. Mtu akijibiwa vibaya mara moja hatarudi, na huyo ni heri angeachwa ajitafutie. Pili, yapo mambo ambayo mtu huona haya kumwuliza mwingine. Msichana anayetaka kujua habari za uzazi, au mtu anayehofia kwamba ana ugonjwa wa zinaa, anahitaji kukichukua kitabu rafuni bila kueleza sababu, na hata kukiandikisha kwenye mashine isiyokuwa na macho. Tatu, vijana wa leo wana simu, na mengi wanayapata humo humo.

Hoja hizo zote ni za kuacha rafu wazi na kuweka mashine za kuandikishia. Hakuna hata moja inayothibitisha kwamba mwenye ujuzi aondoke chumbani. Mtumishi mwenye majibu mabaya afundishwe, na akishindwa apewe kazi nyingine. Mwenye kuona haya aachwe apite kimya kimya. Na habari za simu, mimi pia ninayo. Inanipa majibu mengi kwa mara moja, lakini haijapata kuniuliza kuku wanakufaje.

Mwaka 1931 mkutubi mashuhuri wa Uhindi, S. R. Ranganathan, aliandika kanuni tano za kazi ya maktaba. Alisema vitabu ni vya kutumiwa, kila msomaji apate kitabu chake, kila kitabu kipate msomaji wake, muda wa msomaji uokolewe, na kwamba maktaba ni kitu kinachokua. Mzee huyo alitetea rafu zilizo wazi, tena alitetea kwa nguvu hiyo hiyo kuwapo kwa watumishi wa kumsaidia msomaji mmoja mmoja. Hakuona mgongano kati ya mambo hayo mawili. Mimi na jirani yangu tulipoteza zaidi ya saa mbili mbele ya rafu, na kijitabu chetu kilikuwa chumba cha pili kikikosa msomaji wake. Katika kanuni hizo tano sijui ni ipi iliyofuatwa siku ile.

Kwa hiyo naomba wahusika wayafikirie mapendekezo yangu yafuatayo.

Kwanza, rafu zibaki wazi, tena ziandikwe kwa Kiswahili kwa herufi kubwa. Pembeni mwa kila rafu pawe na kibao chenye maneno kama "Ufugaji", "Sheria", "Afya ya Mama na Mtoto", pamoja na namba zake. Kazi hiyo haihitaji mkopo kutoka nje. Inahitaji ubao, rangi na fundi wa siku mbili.

Pili, kama fedha za mashine na kompyuta zitapatikana, na zije. Lakini kila saa ambayo mashine itamwokolea mtumishi kaunta itumike kumtoa nje ya kaunta. Atembee kati ya rafu kama alivyofanya yule mama wa mwaka 1979, awaone wanaohangaika, awasogelee yeye kabla wao hawajamsogelea.

Tatu, pawe na meza yenye maandishi "Uliza Hapa", na mtu wa kukaa hapo awe ndiye mwenye ujuzi zaidi. Tunacho chuo cha ukutubi Bagamoyo kinachofundisha watu kazi hii. Si haki mtu aliyesomea kazi hiyo afungiwe ofisi ya nyuma akijaza fomu, huku wananchi wenye maswali wakikutana na mlinzi wa mifuko.

Nne, maktaba ambazo haziwezi kuwa na mtumishi mwenye ujuzi kila saa zitangaze mlangoni saa ambazo huyo mtu atakuwapo. Mtu anayetoka kijijini kwa nauli yake anastahili kujua kama atamkuta mtu wa kumwuliza au atakuta rafu peke yake.

Tano, pawekwe daftari la maswali yaliyokosa majibu. Kila anayeondoka bila kupata alichokifuata swali lake liandikwe, na mwisho wa mwezi mkuu wa maktaba alisome. Daftari hilo litawaambia wakubwa vitabu gani vinunuliwe, na vitabu gani vitolewe chumba cha nyuma viwekwe mbele ya watu. Leo tunahesabu walioingia mlangoni, na jirani yangu na mimi tulihesabiwa siku ile kuwa wasomaji wawili waliohudumiwa.

Mwisho, nawaomba wananchi wenzangu nao watimize wajibu wao. Tusichane kurasa, tusifiche vitabu nyuma ya vingine, na tusione haya kuuliza. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Lakini methali hiyo ina maana tu kama yupo wa kuulizwa, na hilo ndilo ninalowaomba wahusika walihakikishe kabla jirani mwingine hajaweka dole gumba lake mahali pasipostahili.



Wako katika kujenga taifa,

Msomaji wa Miaka Mingi,
Morogoro